Kaburi Halilali Wazi

Jumapili, 29 Septemba

Nimerudi Nalumbi na sanduku moja, barua moja na hasira isiyo na kipimo. Barua inasema nimesimamishwa masomo kwa mihula miwili kwa kosa la kuchochea uvunjifu wa utulivu. Utulivu gani? Mabweni yalikaa siku kumi na tisa bila maji. Nikapanda juu ya meza ya bwalo, nikasema kwamba mabweni yamekaa siku kumi na tisa bila maji. Huo ndio uchochezi wangu. Mwaka wa tatu wa sheria, na sheria yenyewe imenifungia mlango.

Bibi Batuli hakuisoma barua. Aliipindua, akaukagua mgongo wake kana kwamba ukweli huandikwa upande wa pili, akanirudishia. "Afadhali," akasema. "Korosho zimeanza kudondoka na kiuno changu hakiinami. Mke mwenzangu, umeletwa na Mungu."

Jumatano, 2 Oktoba

Tumeokota korosho tangu alfajiri. Mikono inanata utomvu wa mabibo. Sina la kuandika.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mjomba Mudathiri alikuja baada ya alasiri. Ndiye kaka mkubwa wa marehemu mama yangu, na tangu Babu afariki ndiye msemaji wa nyumba yetu. Alikaa, akanywa maji, akatoa habari kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi: ametoa kile kipande cha shamba cha kilimani, chenye mikorosho mitatu mizee isiyozaa, kwa watu wa kiwanda cha makumbi, wajenge hekalu.

Watu hao nawajua kwa sura tu. Wanatoka Sri Lanka. Ni ishirini na wawili kwa hesabu ya Bibi. Walikuja miaka kumi na moja iliyopita kuendesha mashine za kile kiwanda kilicho kwenye njia ya Mingoyo, zinazochambua makumbi ya nazi na kusokota kamba. Kijiji kinawaita Wahindi wa makumbi, ingawa si Wahindi, nao wamechoka kusahihisha. Ni Wabudha. Miaka yote hiyo wameabudu ndani ya stoo ya vipuri.

"Umewauzia?" nikauliza.

"Sijauza. Nimetoa."

"Umetoa ardhi ya Babu kwa wageni?"

"Babu yako alipozidiwa, gari la nani lilimfikisha hospitali Lindi?"

"Kwa hiyo safari moja ya gari ni sawa na ekari moja ya ardhi?"

"Robo ekari," akasema Mjomba. "Na usinipigie kelele. Mimi si mkuu wa chuo."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nimesoma historia ya pwani hii. Nani aliyewahi kuja hapa akaomba pakubwa siku ya kwanza?

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepita kilimani. Wameshapiga vigingi vinne na kuvizungushia uzi mweupe wa pamba. Uzi! Kana kwamba ardhi ni kitambaa cha kukatia kanzu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mwezi mpevu. Leo nimewatazama wakipita barabarani kwenda kilimani, wote katika nguo nyeupe kama mahujaji, wanaume kwa wanawake, hawasemi. Kila mwezi unapojaa hawafanyi kazi. Hufunga kula baada ya adhuhuri na kukaa kimya. Mbele yao alitembea mwanamke mzee, miguu imevimba, amebeba ndoo ndogo ya rangi yenye mche wa mti. Jani la mti ule lina umbo la moyo na mkia mrefu mwembamba.

"Huyo ndiye mtani wangu," akasema Bibi. "Bi Soma."

Jina lake kamili ni Somawathi. Ni mama wa fundi mkuu, Wimala, na ndiye mpishi wa kambi yao. Bibi alinieleza jinsi utani ulivyoanza: walikutana gengeni, kila mmoja ameshika nazi ileile. "Nikamwona anakula samaki mkavu kama mimi, anakuna nazi kama mimi, ila kuikamua hajui, anamwaga tui la kwanza. Nikamwambia, wewe mjinga, kuanzia leo u mtani wangu. Akaniambia, mjinga wewe, unaweka maji mengi. Basi tukaelewana."

Wakaketi ndani ya uzi wao, chini ya ile mikorosho mizee, mpaka jua likatua. Kimya cha watu ishirini na wawili kina uzito wa ajabu. Nilikichukia.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeandika waraka wa kurasa tatu kwenda wilayani. Mwenyekiti wa kijiji, Fakihi, ameusoma mara mbili akiusifu Kiswahili chake. Uchaguzi wa vijiji u karibu, naye ni mtu wa kunusa upepo. "Mwanangu Nasma," akasema, "haya ndiyo matunda ya elimu." Jumamosi ataitisha mkutano mkuu wa kijiji, maana bila ridhaa ya mkutano hakuna nyumba ya ibada inayoweza kujengwa kwenye ardhi hii.

Jumatano, 23 Oktoba

Vidole gumba na sahihi: mia moja arobaini na tatu. Bibi amekataa kutia chake. Amesema kidole chake kina utomvu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumeshinda. Naandika huku koo likiwaka.

Watu walijaa ua wa ofisi ya kijiji mpaka barabarani. Wimala alipewa nafasi kwanza. Ni mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na Kiswahili chake kina lafudhi ya Kimwera kwa sababu amejifunza kwa vibarua. Alisimama na kofia mkononi.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Tunaomba pahali pa kukaa kimya. Hatutaita mtu. Hatutapiga kengele. Pahali pa kukaa kimya tu."

"Si mkae kimya hukohuko stoo!" akapaza sauti Salumu, mchimba visima, na ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Nami nilicheka. Naliandika hilo kwa sababu nimeapa kuiandika shajara hii bila kujipaka rangi.

Kisha nikasimama. Nilihisi ile nguvu ninayoijua, ile inayopanda kutoka nyayoni. Nikawauliza:

"Ndugu zangu, mwenyeji ni nani? Ni yule mwenye kibali mfukoni? Ni yule mwenye mashine? La! Mwenyeji ni yule ambaye akipiga jembe hukumbuka nani amelala chini. Sisi tunao wafu wetu kuanzia hapa mpaka mtoni; tunawatolea salamu tukipita. Hawa ndugu wamekaa miaka kumi na moja. Wafu wao wako wapi? Nionyesheni kaburi lao moja! Moja tu! Mtu asiyezika mahali ni mpita njia, na mpita njia hapewi ardhi, hupewa maji akaendelea na safari. Leo wanaomba robo ekari ya kukaa kimya. Kesho nani atakayenyamazishwa?"

Sijawahi kusikia shangwe kama ile, hata bwaloni. "Moja tu! Moja tu!" Vijana walirudia mpaka Fakihi akagonga meza kwa kiatu. Mikono ikapanda. Ombi likakataliwa, na waraka wangu ukaambatanishwa na muhtasari wa mkutano.

Wimala aliinamisha kichwa, akavaa kofia, akaenda zake. Bi Soma alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye mkeka wa wanawake, kando ya Bibi. Wakati wote wa shangwe mkono wake ulikuwa juu ya goti la Bibi.

Jumapili, 27 Oktoba

Bi Soma amekuja nyumbani. Amevuka kijiji kizima kwa miguu ile, na sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na wali wa nazi uliogandamizwa na kukatwa vipande kama kashata.

"Shikamoo, bibi," nikasema, kwa kuwa adabu haifutwi na siasa.

"Marahaba, mwanangu. Kula. Huu tunapika siku ya kuanza kitu."

Nikamwambia kwamba jana hakuna kilichoanza. Akatafakari.

"Umesema vizuri sana," akasema. "Sikuelewa yote. Una sauti nzuri. Lakini uliuliza kitu kimoja nikaelewa: kaburi liko wapi. Swali zuri. Hata mimi najiuliza."

Hapakuwa na kejeli usoni mwake. Nilitafuta. Ningefurahi kuiona.

Alipoondoka, Bibi alikula kipande kimoja taratibu. "Tui limezidi maji," akasema, na hakusema nami tena mpaka magharibi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Korosho. Joto. Mawingu yanakuja na kuondoka bila ahadi.

Jumapili, 3 Novemba

Uzi wa kilimani bado upo. Hakuna aliyeutoa, wala wao wala sisi.

Jumatano, 6 Novemba

Bibi ameniambia: "Vaa ushungi, unanisindikiza." Tukaenda kambini kwao, nyuma ya kiwanda, mahali ambapo vumbi la makumbi hufanya kila kitu kuwa na rangi ya chai.

Bi Soma alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba. Figo, wamesema hospitali. Alijaribu kuinuka, Bibi akamkemea: "Lala, unajifanya una nguvu, hata nazi hujui." Akajibiwa: "Keti wewe, umekuja kula bure." Kisha Bi Soma akaniomba nimshike mkono, tukaingia stoo.

Niliona kwanza mikanda ya mashine imening'inia, na makopo ya grisi. Ukutani palikuwa na rafu ya chuma. Kushoto kwake beringi ndani ya maboksi. Kulia picha ya Buddha, taa ya mafuta katika glasi, maua ya mlangilangi ndani ya kifuu. Na katikati, kati ya beringi na Buddha, chungu kidogo cha udongo kilichofungwa mdomo kwa kitambaa cheupe.

"Huyu mume wangu," akasema Bi Soma. "Piyadasa."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Akanieleza bila haraka. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Wakampeleka Dar es Salaam akachomwa, maana wao huwachoma wafu wao. Wakarudi na majivu. Mwanawe alitaka yapelekwe kwao yakamwagwe mtoni. "Nikamwambia, kwetu wapi? Mwaka ule bahari ilipanda, ikachukua nyumba na watu saba. Kwetu kuna mchanga. Mume wangu alisema, Soma, mimi nakaa huku. Basi anakaa." Akaonyesha rafu. "Anangoja chumba."

"Piyadasa mvivu," akasema Bibi kutoka mlangoni. "Hata alipokuwa hai alikuwa anakaa tu."

Wazee wale wawili wakacheka. Bi Soma alicheka mpaka akakohoa, na nikamrudisha kitandani.

Chini ya dirisha ulikuwepo ule mche kwenye ndoo ya rangi. Ulichipuliwa kutoka mti wa hekalu lao la Dar, na ule nao ulitoka kwenye mti mwingine, na ule kwenye mwingine, mpaka kufikia mti aliokaa Buddha mwenyewe. Kila siku Bi Soma huumwagilia maji aliyooshea mchele. Hekalu lao, nimeelewa leo, halianzi na ukuta. Linaanza na mti huo, na chini ya mti ndipo anapotaka kulala, yeye na chungu chake. "Mimi siogopi kufa," akaniambia. "Naogopa rafu."

Nionyesheni kaburi lao moja. Moja tu.



Jumamosi, 9 Novemba

Sijaandika. Sijaokota. Bibi haniulizi.

Ijumaa, 15 Novemba

Mwezi mpevu. Wamepita katika nguo nyeupe, lakini Bi Soma hakuwemo. Wimala ndiye aliyebeba ndoo ya mche. Wakakaa ndani ya uzi ambao si wao tena.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimekwenda kwa Fakihi kumwomba auondoe waraka wangu. Alicheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto wa jirani.

"Mwanangu, risasi hairudi kwenye bunduki. Waraka uko wilayani. Na hata ningetaka, wiki ijayo ni uchaguzi. Unataka niwaambie wapiga kura kwamba Nasma amebadili nia?"

"Basi niwaambie mwenyewe."

"Nenda. Mlango kwa mlango."

Nimekwenda. Kutwa nzima, kaya thelathini na moja. Kila mlango walinipokea kwa heshima, wakanipa kiti, na kila nilipoanza kuwaeleza walinijibu kwa maneno yangu mwenyewe. Kwa Salumu, mkewe alinisomea hotuba yote, pamoja na vituo vyake: "Mtu asiyezika mahali ni mpita njia." Alitaka kujua kama ameikariri sawasawa. Nikamwambia, sawasawa.

Nani amewahi kushindwa mjadala na nafsi yake mara thelathini na moja kwa siku moja?

Alhamisi, 28 Novemba

Fakihi ameshinda uenyekiti.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua ya kwanza. Nzito, fupi, yenye harufu ya chuma. Korosho za jirani zilizokuwa zimeanikwa zimelowa.

Jumatano, 4 Desemba

Bi Soma amefariki alfajiri ya leo.

Niandike kwa utaratibu, maana mambo yalikwenda upesi. Kibarua mmoja wa kiwanda alipita akigonga milango. Wimala alikuwa tayari ameondoka na gari kwenda Lindi kushughulikia vibali na kumpigia simu mtawa wao aliye Dar. Kambini walibaki vijana wa mashine, ambao Kiswahili chao hakizidi salamu, na wanawake wachache wakilia.

Kijiji hakikungoja. Kijiji hakingoji. Huku kwetu mtu akifa asubuhi huzikwa kabla ya jua kutua, na mwenye msiba haulizwi kitu, maana kumwuliza mwenye msiba ni kumtwisha mzigo. Nilimwona Salumu akipita na jembe begani na sururu mkononi, nyuma yake wanaume wanane, kisha kumi na tano. Wote walikuwa wametia sahihi. Nilimkimbilia.

"Mnakwenda wapi?"

"Kuchimba."

"Kuchimba wapi?"

"Bibi yako amesema marehemu alitaka kulala kilimani. Kwani kuna maneno?"

"Salumu, ulikataa wasijenge pale."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hekalu ni hekalu. Msiba ni msiba. We umesoma nini huko chuoni?"

Nilijua. Hilo ndilo lililonifunga ulimi wakati ule na ndilo litakalonifunga siku zote. Nilikuwa nimekiona chungu, nilijua wanachoma. Nilipaswa kusema. Lakini watu kumi na tano walikuwa wakimpandishia mgeni wao majembe kilimani, na niliogopa kwamba neno langu lingewageuza. Kwa mara ya kwanza maishani nilinyamaza kwa makusudi.

Ardhi ilikuwa laini kwa mvua. Wakachimba kimo cha mtu, ndani ya uzi mweupe, hatua tatu kutoka kwenye ule mkorosho mzee wa katikati. Wakachimba na mwanandani, kile kishimo cha ubavuni anamolazwa maiti kuelekea kibla. Mtu mmoja akasema, huyu si wa kwetu, mwanandani wa nini? Salumu akajibu, mkono umezoea.

Adhuhuri Wimala akarudi. Aliona umati kilimani, akapanda mbio, akasimama ukingoni mwa shimo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani amewaambia?" akauliza.

"Pole sana, fundi," wakasema wote.

"Asanteni. Asanteni sana. Lakini sisi hatuziki. Mtawa anakuja Ijumaa. Tunamchoma. Kwa kuni, hapahapa, kama bado mnaturuhusu."

Mtu mmoja akasema, "Kumchoma? Kama kichaka?" Mwingine akasema astaghfirullah. Wengine wakaanza kushuka bila kuaga. Salumu alibaki ndani ya shimo, udongo mpaka magotini, akitazama juu.

"Na hili?" akauliza. "Kaburi likishachimbwa halilali wazi. Likilala wazi linaita mtu mwingine. Sasa nani ataingia humu?"

Kila mtu aliijua kanuni hiyo. Zamani, maiti ikikosekana baharini, walizika shina la mgomba ili shimo lishibe. Mzee mmoja akapendekeza mgomba. Wimala hakuelewa. Ndipo Bibi, aliyekuwa amefika akihema kwa fimbo yake, akasema: "Lifunikeni kwa mbao na turubai. Mwenyewe atakuja. Amechelewa tu, kama kawaida yake."

Wakalifunika.

Ijumaa, 6 Desemba

Mjomba Mudathiri aliangusha mikorosho miwili kati ya ile mitatu kwa mkono wake. Kuni mbichi kidogo, zikaongezewa makumbi makavu ya kiwanda. Mtawa alifika, mtu mwembamba mwenye shuka la rangi ya binzari, amenyolewa kichwa na nyusi. Alisoma kwa lugha nisiyoijua, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Hakumshawishi mtu yeyote jambo lolote. Sikujua kwamba maneno yanaweza kufanya kazi hiyo.

Kati ya watu wa kijiji walibaki saba. Salumu alikuwa mmoja wao, ameupa moto kisogo, lakini amebaki. Moshi wa mkorosho unawasha macho, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa analia nini.

Jumapili, 8 Desemba

Leo ndiyo siku ninayopaswa kuiandika vizuri kuliko zote, na mkono wangu ni mzito.

Wameokota majivu jana baada ya mvua. Asubuhi wakapanda kilimani na vyungu viwili, kipya na kile cha rafuni. Kijiji kilikuwa kimejaa, hata wale walioshuka Jumatano. Hawakuja kuabudu. Walikuja kuona shimo likifungwa, maana kwa siku nne hakuna aliyelala vizuri. Fakihi naye alikuja, na koti la uenyekiti.

Turubai likatolewa. Wimala alikuwa amepiga goti ashuke, Bibi akamzuia kwa fimbo. Akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu yake ikaning'inia ndani. Watu wakaguna. Wanawake wetu hawaendi makaburini, sembuse kuketi mdomoni mwa kaburi.

"Mimi ni mtani wa marehemu," akasema. "Hakizikwi kitu humu mpaka nilipwe changu."

Kicheko kidogo kikapita. Watu walipumua. Utani wa msibani waliujua. Mtani huzuia, mtani hulipwa, kaburi hufungwa. Wimala akaingiza mkono mfukoni.

"Rudisha," Bibi akamwambia. "Wewe sikudai. Fakihi! Njoo hapa."

"Naam, mama."

"Shamba hili la nani?"

"La Mudathiri. Kila mtu anajua."

"Na shimo hili?"

Fakihi akakohoa. "Shimo ni… la marehemu."

"Kaburi huhamishwa?"

"Halihamishwi, mama."

"Mwenye kaburi huzuiwa kuja kulifagia?"

"Hazuiwi."

"Kuketi kando yake akanyamaza je?"

Aliwatazama watu, na watu wakamtazama. "Hazuiwi," akasema.

"Umelipa nusu. Nusu nyingine iko kwa huyu." Akanielekezea fimbo. "Mke mwenzangu. Mwenye sauti. Siku ile uliuliza kitu mbele ya watu hawahawa. Uliza tena."

Nikasogea. Niliingoja ile nguvu ipande kutoka nyayoni. Haikupanda. Chini ya nyayo zangu palikuwa na udongo mwekundu tu uliolowa, na ukingo wa shimo.

"Niliuliza," nikasema, na sauti ilikuwa ndogo hata watu wa nyuma wakaomba nirudie. "Niliuliza kaburi lao liko wapi."

"Eeh?"

"Nilikuwa nimeshawaambieni kwamba halipo. Sikuwa nimetafuta." Nilitaka kuongeza. Nilikuwa na sentensi nzuri tatu, nilizitunga tangu Jumatano. Zote zilinifia mdomoni. "Ni hili," nikasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi aliutazama mwanandani kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono, na Salumu akamwinua.

Salumu ndiye aliyeshuka. Wimala akampa vyungu, kimoja baada ya kingine, naye akaviweka ndani ya mwanandani, bega kwa bega, akaviziba kwa mbao kama anavyomzibia mtu. Udongo ukarudishwa. Walipofika nusu, mtawa akauweka mche, na kila mtu akatupa konzi yake ya udongo pembeni ya mizizi. Nilitupa ya kwangu mwisho. Mche ulikuwa na majani sita.

Alhamisi, 12 Desemba

Mvua siku nne mfululizo. Barabara ya Mingoyo haipitiki. Majani matano.

Jumapili, 15 Desemba

Mwezi mpevu, hauonekani kwa mawingu. Wamepanda kilimani katika nguo nyeupe zilizolowa, wakaketi kuuzunguka mche juu ya mazulia ya makumbi. Ishirini na mmoja. Hakuna paa.

Wala halitakuwapo. Jana Fakihi alinikabidhi nakala ya barua kutoka wilayani, akakwepa macho yangu. Ombi la kujenga nyumba ya ibada limekataliwa kutokana na pingamizi la wananchi lililojengwa kwa hoja nzito. Hoja zimenukuliwa. Mtu fulani ofisini amezipenda hata akazipigia mstari: mtu asiyezika mahali ni mpita njia. Hakuna ukuta utakaosimama pale, si mwaka huu, na sijui mwaka gani. Nitaandika waraka mwingine. Nimekwisha kuuanza mara nne, na mara zote nne nimeusoma kwa sauti nikausikia ulivyo mtamu, nikauchana.

Bibi alikuwa anaosha mchele wa jioni.

"Barua inasemaje?"

"Inasema nilishinda."

Akakausha mikono kwenye kanga, akaichukua, akaipindua. Akautazama mgongo wake mweupe, akanirudishia.

"Basi chukua kopo," akasema. "Maji ya mchele yasimwagwe."

"Bibi, mvua inanyesha."

"Nimeiona. Mpelekee."

Nikapanda. Wakanipisha bila kugeuka. Jani moja zaidi lilikuwa limelala juu ya udongo, jeusi. Manne. Nikamimina kidogokidogo, kama alivyokuwa akifanya yeye, maji meupe juu ya maji ya mvua. Na kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke, nikaketi nje ya uzi, nikanyamaza.